Mstari wa 1890 ndani ya daftari la Kidato cha Tatu

Najua nimepotea, wengine mlishaanza kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, nilikuwa TP (mazoezi ya kufundisha) huko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Nimerudi kampasi juzi na begi bado linanuka dagaa. Leo sina habari za hosteli wala za boom. Nina historia, na ilianza na swali la mwanafunzi lililonitoa jasho mbele ya darasa zima.

Kwa wasiopajua: ukitoka Mbinga mjini, kwenye baridi, kahawa na mashamba ya ngoro ya Wamatengo, unateremka kilometa 66 hadi Mbamba Bay. Siku hizi ni lami. Masikio yanaziba njiani, halafu ghafla unaliona ziwa limelala pale chini, bluu tupu, huoni mwisho wake. Upande wote huo zamani ulikuwa Wilaya ya Mbinga, ila tangu 2012 ufukweni ni Wilaya ya Nyasa.

Nilipewa Jiografia Kidato cha Tatu, mada ya kusoma ramani. Kabatini kulikuwa na karatasi chache za ramani za 1:50,000, zimechanika kwenye mikunjo, na zilionyesha mkoa ambao hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kufika. Sasa mtoto wa ziwani unamfundishaje kontua kwa milima ya watu wengine? Jumamosi nikapanda gari hadi Mbinga kwenye mtandao wa uhakika, nikanunua bando, nikapakua kila nilichoweza: picha za setilaiti za vijiji vyao, ramani tatu tofauti za mtandaoni, na ramani ya zamani ya Wajerumani ya 1:300,000, ile ya Sprigade na Moisel iliyochapishwa Berlin, ambayo maktaba za nje zimeiskani na kuiweka bure. Nikarudi na laptopu imejaa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa raha sana. Watoto wakitafuta paa za nyumba zao, wakibishana mwembe upi ni wa nani. Latitudo ya nyuzi 11 kusini ghafla ikawa kitu cha nyumbani. Halafu nikawapa zoezi la skeli: pimeni kutoka Mbamba Bay hadi Nkhata Bay ng'ambo ya Malawi. Wakapata kilometa kama 60. Gawanyeni kwa mbili. 30. Safi kabisa.

Hapo binti mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, hii ramani mpaka uko katikati ya maji. Hii nyingine uko mchangani. Hii ya tatu ni nukta nukta. Ya kweli ni ipi?"

Na mimi, kwa kujifanya najua, nikajibu haraka haraka kwamba mkataba wa zamani uliuweka ufukweni. Kimya. Kisha kijana mmoja, baba yake mvuvi, akauliza taratibu: "Kwa hiyo baba akienda kuvua usiku anaiba samaki wa Malawi?"

Wadau, sikuwa na jibu. Kengele ikaniokoa. Mwalimu mwenzangu aliyesikia akaniambia ofisini niachane na siasa, niwafundishe alama za ramani basi. Usiku ule sikulala vizuri, nikakaa na simu hadi betri ikakata.

Hiki ndicho nilichokuwa nimekitaja nusunusu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walitiliana saini mkataba ule unaoitwa wa Heligoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini ambacho Wajerumani walikipata huku wakiiachia Uingereza Zanzibar. Ndani yake mpaka wa eneo la Wajerumani ulielezwa kuwa unafika Ziwa Nyasa, kisha unafuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi mdomo wa Mto Songwe. Unafuata ufukwe! Yaani mtu wa Liuli akichota ndoo ya maji amevuka mpaka. Malawi imesimamia hapo mpaka leo, ikiongeza azimio la OAU la Cairo la 1964 kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe ilivyorithiwa.

Lakini mkataba ule ule, kifungu cha 6, ulisema mistari hiyo inaweza kurekebishwa kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya wenyeji. Tanzania inasimamia pale, pamoja na desturi ya kimataifa kwamba nchi zinazopakana ziwani hugawana katikati. Tena baadhi ya ramani za Waingereza wenyewe, walipotawala pande zote mbili baada ya Vita Kuu ya Kwanza, zilichora mstari katikati, nyingine ufukweni. Yaani mkoloni mmoja, ziwa moja, ramani mbili!

Na kilichonishangaza zaidi kiko jirani tu hapo kusini. Msumbiji nao mpaka wao ulikuwa ufukweni, lakini mwaka 1954 Uingereza na Ureno walikaa wakausogeza hadi katikati ya ziwa, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland. Kwa hiyo mstari unasogezeka. Wa kwetu haukupata bahati hiyo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliutaka uwe katikati, Banda akakataa, na mwaka uliofuata akadai hata ardhi ya kusini mwa Tanzania. Mwaka 2011 Malawi ikatoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na Agosti 2012 Waziri Membe akasimama bungeni kuyataka makampuni yasitishe kazi. Usuluhishi wa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano ulifuata, na suala halijamalizika.

Kipindi kilichofuata nikaanza kwa kuomba radhi. Nikamwambia yule kijana baba yake si mwizi, na kwamba mimi nilijibu nusu ya swali. Halafu nikawapa kazi: kila ramani, andikeni nani aliichora, mwaka gani, kwa faida ya nani. Wenye ramani ya Kijerumani wakakwama kwenye jina Sphinxhafen. "Mwalimu, hii bandari iko wapi?" Nikawaambia waweke ramani mbili pamoja. Wakapiga kelele: ni Liuli! Ni lile jiwe letu! Mjerumani aliona jiwe la Pomonda akakumbuka sanamu ya Misri. Na Wiedhafen wakaitambua wenyewe kuwa ni Manda.

Hapo nikawapa kisa cha Agosti 13, 1914. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli inatengenezwa, nahodha wake hana habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Ikaja Gwendolen ya Waingereza chini ya Rhoades, ikaipiga mizinga na kuiharibu. Na huyo Rhoades, wadau, ndiye aliyekuwa amelipima ziwa hili na mwenzake mwanzoni mwa karne ya 20. Mchora ramani alirudi na mizinga! Darasa lilicheka, kisha likanyamaza.

Kwenye mtihani niliwaambia wazi wachore kama vitabu vyetu, katikati. Ndivyo serikali yetu inavyosimamia, na sikutaka mtu apoteze alama kwa ajili yangu. Ila yule binti wa nyuma alichora mstari katikati, halafu pembeni kwa penseli akaandika herufi ndogo: 1890, ufukweni, Berlin. Nikampa alama zote. Mkaguzi wangu aliuliza ile penseli ya nini, nikamweleza, akaguna tu na kugeuza ukurasa.

Siku naondoka yule kijana wa mvuvi aliniletea dagaa wa kukaushwa kwenye mfuko wa rambo. "Baba kasema hawa ni wa katikati," akaniambia, akacheka akakimbia.

Jumatatu nina test ya Historia ya Afrika na sijasoma kitu. Dagaa wamebaki kidogo, wa chumba cha jirani njooni na ugali.