KOSA LINA MTU, HALINA KABILA

Machefu wa lokalite na wakubwa wa kambi, mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi zaidi. Na wewe ambaye hukutusikia redioni bali unasoma karatasi hii, tafadhali msomee na jirani asiyejua kusoma.

Siku moja nilikuwa nikifundisha juu ya haki za mtu katika kambi ya watu waliokimbia vita. Mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni, akasema: "Wewe uliyesoma sheria, unatuambia tusichukie kabila la wale. Wale waliniulia mume. Kama kabila lao halina kosa, basi mume wangu aliuawa na nani?" Watu wote wakanyamaza. Jibu langu la siku ile lilikuwa fupi mno. Leo nataka kumjibu mama yule vizuri, na kwa kumjibu itabidi nianze mbali kidogo.

1. Neno jenosidi limetoka wapi?

Zamani watu waliua makabila mazima, lakini kosa hilo halikuwa na jina katika sheria. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, ndiye aliyelipa jina. Wakati wa vita kuu ya pili, Wanazi wa Ujerumani waliua mamilioni ya Wayahudi, na katika ukoo wake Lemkin mwenyewe walikufa watu wengi sana, wazazi wake pia. Mwaka 1944 aliandika neno "jenosidi", akiunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya kabila na neno la Kilatini lenye maana ya kuua. Kwa Kiswahili wengine husema mauaji ya kimbari.

Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo. Kesho yake, tarehe 10 Desemba, ukatangaza Haki za Binadamu kwa ulimwengu wote. Kongo iliingia katika Mkataba huo mwaka 1962.

Mkataba unasema nini? Unasema jenosidi ni kuua watu wa taifa, kabila, rangi au dini fulani, au kuwaumiza vibaya mwilini na rohoni, au kuwatia katika maisha ya kuwamaliza, au kuwazuia wasizae, au kuwanyang'anya watoto wao, kwa nia ya kuliangamiza kundi hilo, lote au sehemu yake. Neno "nia" ndilo lenye uzito. Na Mkataba unaongeza kwamba atakayeadhibiwa ni mtu aliyetenda, awe mtawala, awe mtumishi wa serikali, awe raia wa kawaida. Hakuna mahali panaposema kabila liadhibiwe.

2. Burugumesta wa Taba

Sasa niwape mfano wa jirani. Mwaka 1994, kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba, Watutsi wa Rwanda waliuawa kwa mamia ya maelfu. Hesabu inayotajwa mara nyingi na Umoja wa Mataifa ni zaidi ya watu 800,000, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji hayo. Kwenye barieri za njiani, waliokuwa wakiua walidai kitambulisho. Utawala wa Wabeleji ndio ulioanza, katika miaka ya 1930, kuandika kabila la mtu kwenye kitambulisho chake. Mstari mmoja wa wino ukawa hukumu ya kifo.

Katika komini ya Taba, upande wa Gitarama, burugumesta aliitwa Jean-Paul Akayesu. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa amefundisha shule, kisha akawa mkaguzi wa shule, na watu walimheshimu. Sikilizeni vizuri, enyi machefu: mauaji yalipoanza, bwana huyu kwanza aliyazuia. Kwa siku kumi na zaidi alijaribu kulinda watu wa komini yake. Tarehe 18 Aprili wakubwa wa serikali waliwaita maburugumesta kwenye mkutano. Kesho yake asubuhi, mahali panapoitwa Gishyeshye, Akayesu alisimama mbele ya watu akawaambia waungane wamwondoe adui mmoja, yaani wale aliowaita wasaidizi wa waasi. Kila mtu pale alielewa kwamba "wasaidizi" maana yake ni Watutsi, na yeye alijua kwamba wanaelewa hivyo. Kuanzia siku ile Taba ikaingia damu. Wamama waliokimbilia ofisi ya komini kutafuta ulinzi walibakwa palepale, naye akijua. Katika komini ile waliuawa Watutsi wasiopungua 2,000.

3. Tribinali ilihukumu nani?

Mwezi wa 11 mwaka 1994 Umoja wa Mataifa uliunda tribinali ya Rwanda, ikawekwa Arusha, Tanzania. Akayesu alikamatwa Zambia mwaka 1995. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakimu walimpata na hatia ya jenosidi. Ilikuwa mara ya kwanza tribinali ya mataifa kusikiliza kesi ya kosa hilo na kulitolea hukumu. Ilikuwa pia mara ya kwanza kusema kwamba kubaka wanawake kwa nia ya kuangamiza kabila lao ni jenosidi. Jambo hilo liliandikwa kwa sababu wamama wa Taba walikuwa na moyo wa kusimama na kusema yaliyowapata. Akayesu alipewa kifungo cha maisha.

Lakini tazameni jambo hili. Alikuwa ameshtakiwa kwa makosa 15. Mahakimu walimpata na hatia kwa 9, na kwa mengine 6 wakasema hapana. Tribinali ile, mpaka ilipofungwa mwaka 2015, ilishtaki watu 93: watu 62 wakapewa adhabu, watu 14 wakaachiliwa. Kila mmoja alipimwa peke yake, kwa matendo yake. Muuaji alikuwa ametazama kabila na kusahau majina. Hakimu ilimbidi atazame majina.

Na kuna majina ya aina nyingine. Katika mji wa Gisenyi, karibu kabisa na Goma yetu, mwanamke Mhutu aitwaye Félicité Niyitegeka alificha Watutsi na kuwasaidia wavuke mpaka waje huku kwetu. Ndugu yake mwanajeshi alimsihi ajiokoe. Alikataa kuwaacha, naye akauawa pamoja nao, Aprili 1994. Ukisema "Wahutu wote ni wauaji", umemtia Félicité katika kundi moja na waliomwua.

4. Na sisi hapa Kongo?

Mwezi wa saba mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya milioni moja waliingia Goma, Bukavu na Uvira. Kati yao walikuwamo wauaji. Walikuwamo pia wazee, wamama na watoto ambao hawakugusa panga. Vita ya 1996 ilipokuja, wengi waliuawa msituni bila mtu kuuliza huyu alifanya nini. Nao Wakongomani wa makabila mengi waliuawa katika vita hiyo na iliyofuata. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliandika visa 617 vya ukatili mkubwa katika nchi yetu kati ya 1993 na 2003. Kila upande ulisema unalipiza. Yule anayelipiza kwa kabila humwua asiye na kosa, na mwenye kosa anakimbia.

Sheria yetu inasema vingine. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kipengele cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna anayeweza kukamatwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kipengele cha 28 kinasema hakuna anayelazimishwa kutii amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Chefu, kama amri ya Gishyeshye ikifika kwako, kipengele hicho ni ngao yako.

5. Tufanye nini?

Machefu, mnapoandika orodha ya watu wa kupewa chakula au mahema, andikeni jina, umri na hesabu ya watoto. Msiandike kabila, maana orodha hiyo hamjui kesho itashikwa na nani. Mtu akisimama mkutanoni akiita majirani "nyoka", "mende" au "wasaidizi wa adui", mkatazeni siku ileile. Kule Taba lilianza neno, panga likafuata.

Ninyi mliofiwa, kumbukeni mliyoyaona: siku gani, mahali gani, nani alifanya nini, nani alikuwapo. Msiyatangaze sokoni, kwa sababu hapo kuna hatari. Yawekeni kwa watu mnaowaamini, mpaka afike mwenye kazi ya kuchunguza.

Na wewe mama yangu wa kambini, hili ndilo jibu langu. Mume wako aliuawa na watu, na watu hao wana majina. Ukisema "ni kabila lao", muuaji anafurahi, kwa sababu amepata maelfu ya watu wa kujificha nyuma yao. Mimi sikuombi usahau. Nakuomba umtafute yeye, yeye mwenyewe, na umwache mtoto wa jirani aende shule na mtoto wako.

Maswali ya kuzungumzia pamoja:
– Ni maneno gani hapa kwetu yanayotumiwa kuita kabila jingine adui?
– Kwa nini Akayesu aligeuka? Ninyi mngemsaidiaje chefu wenu asigeuke?
– Mnamjua mtu wa kabila jingine aliyemficha au kumwokoa mtu wenu? Simulieni habari yake.