Hela 20 ya Tabora

Hela 20 ya Tabora ni sarafu ya dharura iliyotengenezwa mjini Tabora mwaka 1916 na serikali ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Wakusanyaji wa sarafu huitafuta hasa kwa ajili ya tofauti ndogo za mihuri yake.

Historia

Tangu mwaka 1904 rupia ya koloni iligawanywa katika Heller 100. Kutokana na jina hilo Kiswahili kilipata neno "hela". Sarafu zilichapwa Ujerumani, lakini vita vilipoanza manowari za Uingereza zilifunga pwani. Kazi ikahamia karakana ya reli mjini Tabora, njiapanda ya kale ya misafara ambako njia ya kaskazini ilipitia ufalme wa Karagwe (leo wilaya za Karagwe na Kyerwa) kuelekea Buganda. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji.

Aina

Sarafu ina taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A.; upande wa pili umeandikwa 20 HELLER. Herufi T ni alama ya Tabora. Muhuri ni kipande cha chuma kilichochongwa picha kinyume, kinachogandamizwa kwenye metali. Kwa kuwa mihuri ya karakana haikufanana, orodha za wakusanyaji hutenganisha taji kubwa na taji dogo. Upande wa thamani una aina tatu, zinazotambulika kwa ncha za herufi L mbili: zote zimechongoka, zote zimejikunja, au ya pili tu imejikunja. Tena kuna za shaba nyekundu na za shaba ya njano (shaba iliyochanganywa na zinki). Sarafu mbili zinazoonekana sawa mkononi zinaweza kutofautiana sana kwa bei.

Kwa sababu hiyo kusugua sarafu ing'ae ni hasara: ncha hizo ni nyembamba, na zikifutika aina haijulikani tena. Rangi nayo hudanganya, maana shaba ya njano iliyochakaa huwa na weusi kama ile nyekundu.

Karakana hiyohiyo ilitoa pia hela 5 za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye picha ya tembo. Hizo za dhahabu zina aina mbili, kufuatana na pambo la pembeni linaishia chini ya T au chini ya A ya neno OSTAFRIKA.