Gazeti la Mji wa Lexington

Leo tutazungumza juu ya gazeti moja dogo, Lexington Advertiser, lililokuwa likitoka mara moja kwa juma katika mji wa Lexington, jimbo la Mississippi, Marekani.

Kwanza fahamu jambo hili, wewe usomaye au usikilizaye. Gazeti la mji mdogo haliishi kwa senti za wasomaji tu. Sehemu kubwa ya riziki yake ni matangazo ya wenye maduka: bei ya sukari, viatu vilivyofika, shamba liuzwalo. Basi yafuatayo utayaelewa kwa urahisi.

Mwaka 1943 gazeti hilo lilinunuliwa na Bibi Hazel Brannon, ambaye baadaye aliolewa akaitwa Bibi Smith. Alikuwa Mzungu, na katika wilaya ile watu weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu, lakini utawala wote ulikuwa mikononi mwa Wazungu. Usidhani kwamba bibi huyu alipinga ubaguzi tangu mwanzo. La, aliutetea. Alichoshikilia ni kwamba sheria ni sheria kwa kila mtu.

Mwaka 1954 mkuu wa polisi wa wilaya alimpiga risasi ya mguu mtu mmoja mweusi ambaye hakuwa na kosa. Bibi Smith aliandika habari hiyo, kisha akasema waziwazi kwamba mkuu huyo hafai kazi yake. Akashtakiwa kwa kashfa, akaamriwa alipe dola 10,000. Mwaka 1955 Mahakama Kuu ya jimbo ikaitangua hukumu hiyo.

Kesi alishinda, lakini maduka hakuyashinda. Wazungu waliojiunga katika chama cha kutetea ubaguzi waliwashawishi wafanya biashara wasimpe matangazo. Wengine waliacha kwa chuki. Wengine, nadhani, kwa kuogopa jirani zao tu. Mumewe aliondolewa katika kazi yake ya kusimamia hospitali. Kisha likaanzishwa gazeti la pili mjini, Holmes County Herald, na matangazo yakaenda huko.

Mwaka 1964 alipewa tuzo ya Pulitzer kwa tahariri zake, mwanamke wa kwanza kuipata kwa kazi hiyo. Sifa zikaja kutoka mbali. Deni likabaki palepale Lexington. Aliendelea kuchapa kwa mikopo na kwa michango ya wahariri wenzake mpaka mwaka 1985, alipofilisika na gazeti likafungwa. Alifariki mwaka 1994. Holmes County Herald lilikuwa bado likitoka kila juma.