Kuchagua nyimbo za Uholanzi kwa feti ya ndoa: maneno yetu juu ya sauti za wengine

Kwetu Lubumbashi ndoa si jambo la watu wawili. Ni jamaa mbili ndizo zinaoana, na kila jamaa inakuja na vitu vyake: vikwembe vyake, chakula chake na nyimbo zake. Ndiyo maana mwaka 2018, wakati mtoto wa dada yangu alipoolewa na kijana wa Uholanzi, na wakwe wakatujulisha kwamba watakuja mpaka huku kwa feti, komite ya ndoa haikuanza na hesabu ya nyama wala viti. Ilianza na muziki.

Binti mwenyewe alinipigia simu. «Mujomba, bale bantu banatoka mbali. Tukibapigia tu rumba usiku muzima, batajisikia bageni. Ututafutie nyimbo za kwabo.» Nikapeleka neno hilo kwenye komite. Baba mukubwa, ambaye alifanya kazi kama karani mbele ya uhuru wa 1960, akakataa palepale: «Ile luga njo yenye balikuwa banatutukana nayo ku kazi. Leo tuicheze pa ndoa ya mutoto wetu?» Watu wote wakanyamaza. Mwishowe nikapewa kazi ya kwenda kutafuta na kurudi na jibu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili. Kiflama cha Ubelgiji na Kiholanzi ni lugha moja, lakini nchi ni mbili. Ubelgiji ulijitenga na Uholanzi mwaka 1830, ni kusema miaka 55 kabla ya Leopold wa Pili kujitangazia Dola Huru la Kongo mwaka 1885. Waholanzi, basi, hawakututawala. Lakini sikio halisomi historia. Mzee aliyetukanwa katika lugha fulani anasikia lugha, hasikii mipaka ya nchi. Neno lake lilipaswa kuheshimiwa.

Jambo la pili: nyimbo nyingi tunazoziita «za arusi ya kizungu» haziko za Uholanzi. Marshi mbili zinazopigwa kwenye kinanda bibi arusi anapoingia na anapotoka ni za Wadachi. Moja ni ya Mendelssohn, aliyeiandika mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare. Nyingine ni ya Wagner, imetoka katika opera yake Lohengrin ya mwaka 1850. Zilienea sana baada ya binti mkubwa wa malkia wa Uingereza kuolewa nazo mwaka 1858. Ukimpigia Mholanzi marshi hizo, atazijua, lakini hatasema kwamba umempokea kwa wimbo wa kwao.

Sasa Waholanzi wenyewe waliimba nini? Neno lao la arusi, bruiloft, kwa asili lina maana ya mwendo wa bibi arusi, pale anaposindikizwa kwenda nyumbani kwa mume. Wazee wetu wangelielewa mara moja, maana hata kwetu bibi arusi anapelekwa kwa nyimbo. Katika picha ya Pieter Bruegel ya arusi ya wakulima, iliyochorwa karibu mwaka 1567 kule Brabant, wanaonekana wapiga zumari wawili wenye mifuko ya ngozi wakisimama mbele ya meza, na wageni wamejaa mpaka mlangoni. Huo ndio ulikuwa muziki wa kijijini.

Katika karne ya 17, watu wa miji ya Uholanzi walipotajirika kwa biashara, vijana wao walipenda vitabu vidogo vya nyimbo. Jan Starter alitoa kimoja mwaka 1621, ndani yake mkiwa na nyimbo za arusi. Kitabu kikubwa cha nyimbo cha Bredero wa Amsterdam kilitoka mwaka 1622, miaka minne baada ya kifo chake. Mara nyingi katika vitabu vya namna hiyo hawakuandika noti. Waliandika maneno tu, na juu yake wakasema: huu uimbwe kwa sauti ya wimbo fulani. Sauti hizo zilitoka Ufaransa, Uingereza na kwingineko. Muholanzi alikopa sauti, maneno akatia yake.

Kanisa nalo lilikuwa na neno lake. Waholanzi wengi walifuata mafundisho ya Calvin. Walikataa dansi, na ibadani waliimba zaburi. Sinodi za Dordrecht za miaka ya 1570 zilitaka hata ogani zinyamaze kanisani. Lakini ogani zilikuwa mali ya mji, si ya wachungaji, kwa hiyo hazikuvunjwa. Sweelinck, mpiga ogani mashuhuri wa Oude Kerk kule Amsterdam, alilipwa na mji mpaka alipokufa mwaka 1621, akiwapigia watu mbele ya ibada ao nyuma yake. Mwaka 1641 Constantijn Huygens alipaswa kuandika kitabu kizima kutetea ogani isindikize zaburi. Wakubwa wa mji nao waliogopa anasa, na mwaka 1655 Amsterdam ilitoa sheria ya kupunguza ukubwa wa karamu za arusi. Sisi tunaosikia kila mwaka padri akilalamika juu ya gharama za ndoa, na baba wa bibi arusi akilalamika juu ya orkestre, tunaijua vita hiyo.

Katika karne ya 20 ukatokea muziki wanaouita levenslied, wimbo wa maisha. Unasema mapendo, umaskini, pombe, mama, na kuachana. Uliota mizizi hasa katika mitaa ya wafanyakazi. Johnny Jordaan alijulikana mwaka 1955 kwa kuusifu mtaa wake wa Jordaan, Amsterdam. Nyuma yake akaja André Hazes, aliyezaliwa 1951 na kufa 2004, ambaye watu walijaza uwanja mkubwa wa mpira wa Amsterdam kumuaga. Wimbo wake wa 1981, «Zij gelooft in mij», unapigwa sana kwenye feti. Ndani yake mume anasema juu ya mke anayemuamini, ingawa yeye bado hajafika anapotaka kufika. Na sauti ya wimbo huo imetoka Marekani, katika wimbo ulioimbwa na Kenny Rogers. Desturi ni ileile ya Starter: sauti ya mgeni, maneno ya nyumbani.

Desturi hiyo inaishi pia ndani ya jamaa. Kwenye feti ya ndoa ya Waholanzi, ndugu na marafiki wanachukua wimbo unaojulikana, wanatunga maneno mapya juu ya bwana na bibi arusi, wanagawa karatasi, na ukumbi mzima unaimba. Wanasema namna walivyokutana, wanacheka tabia zao kidogo, kisha wanawatakia heri. Halafu watu wanashikana mabegani, wanazunguka ukumbi kwa mstari mrefu. Baada ya miaka kumi na miwili na nusu wanarudia furaha hiyo kwa sikukuu wanayoiita arusi ya shaba. Shaba! Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Sisi wa Katanga, ambao babu zetu walitoa misalaba ya shaba kwa mahari, tuambiwe na Waholanzi juu ya ndoa na shaba?

Nilirudi kwenye komite na mambo mawili zaidi. Nilisema: angalieni vikwembe vya wax hollandais ambavyo wamama wamekwisha kuchagua. Vinatoka Helmond, ambako kiwanda cha Vlisco kilianzishwa mwaka 1846, na ufundi wake Waholanzi waliuiga kutoka batiki za Java. Hakuna mama hapa anayesema anavaa nguo ya mgeni. Nikasema tena: kumbukeni vijana wa Kamina. Mwaka 1958 kwaya yao, chini ya padri Guido Haazen, mzaliwa wa Flandria, ilirekodi Missa Luba, na sahani ikatolewa na Philips, kampuni ya Uholanzi. Upande mmoja kuna misa, upande mwingine nyimbo za kwetu, na kati yake kuna wimbo wa ndoa. Wimbo wetu ulikwisha kuingia katika nyumba zao, sasa ni zamu ya wimbo wao kuingia kwetu.

Baba mukubwa aliniuliza kitu kimoja tu: «Ile nyimbo inasema nini?» Nikamfasiria wimbo wa Hazes polepole, neno kwa neno. Akakaa kimya, kisha akasema: «Ile hata sisi tunaijua. Mama yenu njo alinifanyiaka vile.» Hakusema ndiyo. Lakini hakukataa tena.

Tulichagua hivi. Kanisani, zaburi ziimbwe kwa Kiswahili. Kwenye feti, wimbo mmoja wa Hazes wakati wakwe wanaingia. Halafu wimbo wa jamaa: sauti ya kwao, maneno tuliyotunga pamoja kwa simu, ubeti mmoja Kiholanzi, ubeti mmoja Kiswahili. Na mstari wa mabegani uanze na muziki wao, umalizikie katika rumba.

Siku ile mambo yalienda vizuri, ingawa umeme ulikatika mara mbili na ubeti wa Kiholanzi tuliuimba bila kinanda. Mama mkwe alilia. Baba mukubwa hakucheza. Alibaki kwenye kiti chake mpaka mwisho. Lakini nilipopita kukusanya karatasi za wimbo, ya kwake sikuiona juu ya meza. Alikuwa ameikunja vizuri na kuiweka katika mfuko wa koti.