Kazi ya Leta: mambo ikiharibika, nani anajibu?

Mara nyingi tunasikia viongozi wakitangaza mabadiliko katika kazi ya Leta: kupunguza wafanyakazi, kupima matokeo, kuwapa wakubwa wa idara uhuru zaidi. Mawazo hayo yalipata nguvu katika inchi za Magharibi tangu miaka ya 1980. Wakati ule serikali nyingi zilikuwa na madeni, na raia walinung'unika juu ya kodi na huduma mbaya. Lakini kila inchi ilipita njia yake.

Uingereza: anayeamua na anayetumika

Margaret Thatcher alipochukua uongozi mwaka wa 1979, serikali kuu ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 700 000. Mwaka wa 1988, serikali yake ilianza kutoa kazi za kila siku ndani ya wizara na kuziweka katika ajensi. Waziri anapanga sera na malengo. Mkurugenzi wa ajensi anapewa feza, kisha anapimwa kwa matokeo. Kufika mwaka wa 1997, wafanyakazi walikuwa wameshuka chini ya 500 000.

Shida ilionekana katika magereza. Mwezi wa kwanza 1995, wafungwa watatu walitoroka gereza la Parkhurst. Mwezi wa kumi, mkurugenzi wa magereza, Derek Lewis, alifukuzwa. Waziri Michael Howard alibaki kwenye kiti, akisema kama yeye anajibu juu ya sera, si juu ya kazi ya kila siku.

New Zealand: mbali zaidi

Huko mabadiliko yalianza mwaka wa 1984, na waziri wa feza Roger Douglas. Sheria ya 1986 iligeuza idara zenye kufanya biashara kuwa kampuni za Leta. Ile ya 1988 iliweka wakubwa wa idara kwenye mikataba ya muda.

Tarehe 28 mwezi wa ine 1995, jukwaa la kutazamia bonde, pahali panaitwa Cave Creek, lilianguka. Watu 14 walikufa, wengi wao wanafunzi. Jukwaa lilijengwa na idara ya kulinda mazingira, bila kazi ya injinia mwenye ujuzi. Uchunguzi ulionyesha kama idara ilikuwa na mzigo mkubwa kuliko feza na watu iliyopewa. Hakuna aliyeshitakiwa. Waziri aliacha kazi mwaka wa 1996 tu. Njo maana sheria ya 2002 iliruhusu idara za serikali zishitakiwe kortini katika mambo ya usalama na ujenzi.

Ujerumani na Ufaransa: sheria kwanza

Ujerumani, serikali kuu ilibadilika kidogo tu. Katiba ya 1949 inalinda hali ya watumishi wake, na majaribio makubwa yalifanywa katika miji. Ufaransa ilibaki na watumishi wenye kulindwa na sheria, lakini ilibadilisha bajeti. Sheria ya mwaka wa 2001, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka wa 2006, inagawa feza kwa programu. Kila programu ina jina la mtu wa kujibu, pamoja na malengo ambayo wabunge wanaweza kuchunguza. Wazo hilo la bajeti ya programu limo pia katika sheria ya feza za umma ya Congo, ya tarehe 13 mwezi wa saba 2011.

Uswidi: mambo wazi

Uswidi ilikuwa na ajensi zenye kujitegemea mamia ya miaka mbele ya Uingereza. Waziri hana ruhusa ya kuiamuru ajensi namna ya kukata shauri la raia fulani. Lakini tangu mwaka wa 1766 sheria inampa raia haki ya kuona karatasi za serikali. Mkubwa anajua kama watu wanaweza kusoma alichoandika.

Cha kuangalia

Kutenga anayeamua na anayetumika kunaweza kuharakisha kazi. Hatari ni kila mmoja kumuonyesha mwenzake kidole. Kwa hiyo, mabadiliko yakitangazwa, raia anaweza kuuliza mambo tatu: jina la nani limeandikwa kwenye hii kazi? Amepewa feza na watu wa kutosha? Na sisi tunaweza kuona karatasi zake?