Shabu, kemia na mashine inayojifunza

Juzi nilipanda matatu nambari 46 katikati ya jiji kuelekea Kawangware, nikaketi kando ya kijana anayesomea uhandisi wa kemikali. Tarakilishi ikiwa mapajani, alikuwa akiifunza programu kukadiria kiasi cha "alamu" cha kusafishia maji ya mto. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili. Akacheka. "Mwalimu, hiyo ni ngumu. Alamu yenyewe haina jina!"

Jina lipo: shabu. Limo kwenye kamusi zetu, na asili yake ni Kiarabu. Kemia pia ina mizizi huko huko; hata Waingereza neno lao lilipitia kwa Waarabu. Algorithimu nayo imetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Anayedai kwamba Kiswahili ni mgeni katika mazungumzo haya haujui ukoo wake.

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, ikinywa maji ya mto. Baadaye ikategemea Chemchemi za Kikuyu, kisha mwaka 1956 likaja bwawa la Sasumua. Maji yake husafishwa huko juu, yakateremka kwa bomba hadi matangi ya Kabete, magharibi mwa jiji. Mvua ikinyesha Aberdare, udongo wa mashambani huingia majini. Chembe zake hazizami upesi kwa kuwa zina chaji moja na husukumana. Shabu huondoa msukumano huo, zikashikana, zikatua. Ikipungua, tope husalia. Ikizidi, ni hasara na maji huelekea kuwa na asidi. Ndiyo maana mafundi hupanga vyombo vya kioo, kila kimoja na kipimo chake, wakakoroga, wakangoja na kutazama.

Mwaka 1988, Hoskins na Himmelblau walichapisha makala kuhusu mitandao ya neva katika uhandisi wa kemikali. Katika miaka ya 1990, mitandao ya aina hiyo ilikuwa tayari ikikadiria vipimo vya dawa za kutuliza tope. Akili mnemba, au ukipenda akili unde, haikuzaliwa jana. Lakini mwalimu wake ni rekodi za wale mafundi wa vyombo vya kioo. Mwaka 2003 mvua kubwa iliharibu bwawa la Sasumua. Mashine iliyofunzwa kwa siku za kawaida itaijuaje siku kama ile? Hapo lazima awepo mtu wa kuiambia, "Hapana, umekosea."

Mtu huyo atauliza na kujibiwa kwa lugha gani? Mama anayenunua mtungi wa lita 20 Kawangware ana haki ya kujua kilichotiwa ndani na nani alikipima. Tukimnyima maneno, tumemnyima swali.

Tulipokaribia kushuka, kijana aliandika "shabu" kwenye daftari lake. "Sasa Mwalimu, kile kiwango cha tope kwenye maji tunakiitaje kwa neno moja?"

Nikakuna kichwa. Hilo, wasomi wenzangu, ni deni letu.