Saida Karoli

Saida Karoli (amezaliwa 1976, kijiji cha Rwongwe, Bukoba, mkoani Kagera) ni mwimbaji wa Tanzania anayeimba hasa kwa Kihaya, akichezesha ngoma za kwao pamoja na vyombo vya studio. Jina lake lilivuma nchi nzima kwa albamu ya Maria Salome ya mwaka 2001.

Miaka ile vijana wa Dar es Salaam walikuwa wakiujenga muziki wa Bongo Fleva kwa Kiswahili cha mitaani. Saida alishika njia yake: ngoma, sauti nyororo isiyolazimishwa, na lugha ambayo Watanzania wengi hawaijui. Wimbo uliobeba jina la albamu una kipande cha Kiswahili chenye mfano wa karanga, na hicho ndicho wengi walichokishika. Mengine waliyaimba kwa kubahatisha matamshi. Redio za binafsi, zilizoenea katika miaka ya 1990, pamoja na kanda za kaseti, zilimfikisha mbali sana na Ziwa Viktoria. Magharibi mwa Uganda alieleweka kwa wepesi zaidi, kwa kuwa Kinyankore ni ndugu wa Kihaya.

Ukitaka kupima ukubwa wa jambo hilo, simama sokoni Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Hapo hukutana koo tatu za lugha: Kiiraqw na Kigorowa ni za Kikushi, Kibarbaig ni ya Kiniloti, Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Kwa Mgorowa, Kihaya hakina hata undugu na lugha ya mama yake. Na bado Maria Salome hauhitaji mkalimani ili mabega yatikisike. Jambo linalofanana na hilo lilitokea Uskoti, ambako kundi la muziki la Capercaillie, lenye sauti ya Karen Matheson, liliingiza kwa mara ya kwanza wimbo wa Kigaeli cha Kiskoti katika nyimbo 40 bora za Uingereza mwaka 1992. Saida alivuka mpaka wa lugha wa namna hiyohiyo, tena katika nchi yenye lugha zaidi ya 100.

Baadaye alififia, na zikazagaa tetesi kwamba amefariki. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny, vijana wa Bongo Fleva, walitoa wimbo wa Salome, uliojengwa juu ya Maria Salome wa Saida, na watoto waliozaliwa wakati wa kaseti wakaanza kuuliza mwenye wimbo ni nani. Mwaka 2017 alijibu mwenyewe kwa wimbo mpya, Orugambo, wa Kihaya vilevile. Toleo la vijana hao wa 2016 lina mvuto wake, lakini uzito umo katika lile la kwanza, ambamo ngoma na sauti vinapumua pamoja. Mwenye kaseti ya 2001 kabatini asiitupe. Aitunze, na awasikilizishe wanawe.